Mtaro wa barabara mpya umewafungia wazee wetu ndani, nani anawajibika?

Wakuu, nimevumilia imetosha. Mtaani kwetu hapa Dar tuliletewa lami, tukashangilia, na leo mama yangu mwenye miaka 76 hatoki bila mtu wa kumshika mkono. Mkandarasi kachimba mtaro pande zote mbili, kina kinanifika kiunoni, kajengea zege, kaondoka. Mifuniko hakuna! Kila nyumba imejitegemea: huyu kaweka mbao mbili chakavu, yule kalaza geti bovu. Mama anatembea na mkongojo, na ncha ya mkongojo inazama kwenye upenyo wa mbao. Anafika pale ukingoni, anasimama, anageuka, anarudi ndani. Jumuiya alikuwa hakosi, sasa wenzake ndio wanamfuata nyumbani. Mvua ikinyesha ndiyo balaa kabisa, mtaro na barabara vinakuwa maji matupu, hujui ukanyage wapi.

Ukiuliza unaambiwa mifuniko haikuwemo kwenye bajeti. Haikuwemo vipi? Sera ya Taifa ya Wazee ipo tangu 2003! Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa miji rafiki kwa wazee mwaka 2007, baada ya kuwasikiliza wazee wenyewe katika miji 33, Nairobi hapo jirani ikiwemo. Yaliyomo ni mambo ya kawaida: njia ya miguu iliyo sawa, mahali pa kukaa, vyoo vya umma, muda wa kutosha kuvuka barabara. Hakuna anasa hata moja hapo.

Tena mahali pa kukaa tulikuwa napo. Nenda Mji Mkongwe Zanzibar, nyumba zina baraza nje; mzee akichoka anakaa, anasalimiwa, anaendelea na safari yake. Kwetu siku hizi ni kuta ndefu tu, hadi kituo cha daladala hakuna hata jiwe la kukalia, na pembeni mwa lami pamejaa bodaboda na meza za biashara. Vijana hao siwalaumu, nao hawakutengewa sehemu.

Tunataka mifuniko ya zege kwenye kila mlango na kila kona kabla ya masika. Na mradi ujao wazee waitwe kwenye mkutano wa mtaa kabla kijiko hakijaanza kuchimba, siyo baada.

Waliofanikiwa kuwekewa mifuniko mtaani kwao, mlipitia wapi? Kwa mtendaji, diwani, au mlikwenda moja kwa moja halmashauri? Sahihi za majirani nimeshaanza kukusanya, barua inatoka wiki hii.