Mrejesho: Boti inanguruma, haiendi

Wakuu, nimerudi. Niliuliza kwa nini boti yangu ya mbio injini inapandisha mizunguko nikiongeza mafuta, lakini mwendo haupandi. Wengi mlishuku gia. Mmoja akasema nichore mstari kwa kalamu ya maka kwenye propela, kutoka kitovu cha ndani hadi cha nje, kisha niikimbize boti kabla ya kuipandisha nchi kavu. Niliporudi, mstari ulikuwa umekatika, vipande vimeachana kama vidole viwili! Bushi ya mpira, ile inayoshikanisha kitovu cha ndani na cha nje, ndiyo ilikuwa inateleza, basi injini inazunguka bila kuisukuma propela sawasawa. Nimeweka mpya.

Ila gia nayo haikuwa salama: oili ilitoka nyeupe kama maziwa, maji yameingia. Nimebadilisha sili (mipira ya kuzuia maji yasiingie), na impela, kile kigurudumu cha mapezi kinachosukuma maji ndani ya pampu ya maji, papo hapo. Propela ya chuma cha pua niliyoitamani, basi, itasubiri.