Maana ya «bilei» katika tanga na katika kukwea miamba

Kijana wa Raskazone
Wakubwa zangu, shikamooni. Ninaishi Tanga, na siku hizi ninajifunza kuendesha mashua ya tanga, huku rafiki yangu akijiandaa kukwea Batian, kilele cha Mlima Kenya chenye mita 5,199 ambacho hakifikiki bila kamba. Vitabu vyetu vyote viwili vinataja bilei. Changu kinaeleza kuwa ni kukaza kamba kwenye kigingi. Chake kinaeleza kuwa ni kumshikia kamba mwenzako anayekwea. Je, hili ni jambo moja, au ni mawili yaliyoangukia jina moja?

Henza, Bagamoyo
Marahaba, mwanangu. Asili yake ni baharini, kwani mabaharia wa Uingereza walilitumia neno hilo karne nyingi kabla ya wakwea milima. Maana yake ni kuidhibiti kamba iliyobeba uzito kwa kuizungusha, si kwa kuifunga fundo. Kamba ya kupandishia tanga huizungushi ovyo: kwanza mzunguko mmoja kamili kwenye kitako cha kigingi, kisha unaipitisha juu na chini kwa umbo la tarakimu nane, mara mbili au tatu, ukaishia hapo. Fundo lililokazwa na upepo halifunguki mpaka upepo upungue, ilhali mizunguko hufunguka kamba ikiwa bado imebeba mzigo, tena unaweza kuiachia kidogo kidogo. Katika merikebu za zamani kigingi chenyewe kilichomolewa, na kamba yote ikafunguka mara moja.

Ninalisisitiza hili kwa sababu ya demani hasa, yaani kamba ya kulivutia na kulilegezea tanga. Upepo ukibadilika ghafla, demani isiyoachika huweza kukipindua chombo. Na kamba ya katani, ambayo nyinyi watu wa Tanga mnaijua kuliko sisi, ikilowa hujikaza yenyewe, kwa hiyo fundo lake ni shida juu ya shida.

Kwa Kiingereza cha mabaharia, neno hilo pia ni amri ya kusimamisha au kutangua agizo lililokwisha kutolewa.

Mwalimu wa Fizikia
Kinachofanya kazi hapo ni msuguano, na nguvu yake hukua haraka kuliko watu wanavyodhani. Ikiwa kipimo cha msuguano baina ya kamba na mti ni 0.25, mzunguko mmoja kamili hupunguza nguvu ya kushikilia hadi karibu moja ya tano ya mzigo, na mizunguko miwili huipunguza hadi chini ya moja ya ishirini. Unene wa kigingi haubadilishi hesabu hiyo.

Kijana wa Raskazone
Nawashukuru sana. Basi rafiki yangu naye akishaizungusha kamba anaweza kuiachia mkono?

Mkwezi
Hapana, ndugu yangu, na hapo ndipo kazi hizi mbili zinapoachana. Baharia hukaza kamba akaondoka; mshika kamba wa mlimani hulegeza kamba mwenzake apandapo na kuibana aangukapo, kwa hiyo mkono wa kubania hauachi kamba hata kidogo. Zamani waliipitisha kamba kiunoni mwao. Leo hupitishwa kwenye kifaa kidogo cha metali kilichofungwa kwenye mkanda wa mwilini, lakini kinachomzuia anayeanguka ni msuguano uleule alioueleza Mwalimu.

Kamba zenyewe nazo hazifanani. Ya kupandishia tanga inatakiwa isivutike, la sivyo tanga litalegea. Ya kukwelea hutengenezwa ivutike ili kupunguza mshtuko wa kuanguka, hivyo msiazimane. Tena mwambie rafiki yako afunge fundo kwenye ncha ya mwisho ya kamba kabla ya kumteremsha mtu, kwa sababu kamba fupi huweza kupita yote kwenye kifaa na anayeteremshwa akaanguka.