Rejista ya rcx inaharibika ndani ya lupu kila nikiita printf, naombeni ushauri

mwana_asembli
Habari wakuu. Najifunza asembli ya x86-64 kwa NASM (programu ya kutafsiri asembli) kwenye Linux. Nataka kuchapisha namba kutoka 10 kushuka hadi 1 kwa printf, fanksheni ya C ya kuchapisha, huku nikihesabu kwa rcx, kihifadhi kidogo cha namba ndani ya prosesa (ecx ni nusu yake ya chini):

```
main:
    sub rsp, 8
    mov ecx, 10
rudia:
    lea rdi, [rel fmt]
    mov esi, ecx
    xor eax, eax
    call printf
    loop rudia
```

Inatoa 10, halafu yanafuata manamba ya ajabu, mengine hasi, mpaka niikatishe kwa Ctrl+C. Nikaweka `push rcx` kabla ya call na `pop rcx` baada yake, kwangu ikakubali. Nimempa jamaa yangu, kwake inaanguka: Segmentation fault. Shida ni nini?

Kisiki
Mkuu, printf haina deni la rcx kwako. Kwa makubaliano ya System V (kanuni za namna fanksheni zinavyoitana) yanayofuatwa na Linux, fanksheni unayoiita ina ruhusa ya kuchezea rax, rcx, rdx, rsi, rdi na r8 hadi r11. Inazotakiwa kukurudishia kama ilivyozikuta ni rbx, rbp, rsp na r12 hadi r15. Tena, hata printf yenyewe isingeigusa rcx, kule chini inakoandika kwenye skrini kuna amri ya `syscall`, ya kuomba huduma kwa kerneli, na hapo prosesa hutupia anwani ya kurudi ndani ya rcx na bendera (alama za hali ya prosesa) ndani ya r11. Fungua gdb, programu ya kukagua makosa, simama kwenye call, andika `p $rcx`, kisha `nexti`, halafu `p $rcx` tena. Utajionea.

bi_hesabu
Shida ya jamaa yako ni steki, eneo la kumbukumbu ambalo rsp huonyesha kilele chake. Kabla ya call, rsp lazima igawanyike kwa 16. Ukiingia main, anwani ya kurudi imeshakula baiti 8. `sub rsp, 8` yako ikaweka sawa, `push rcx` ikavuruga tena. Baadhi ya matoleo ya libc (maktaba ya C yenye printf) yana amri ya `movaps` humo ndani, na hiyo haivumilii anwani iliyokaa upande. Wewe umepona kwa bahati tu.

jembe_butu
Si aongeze push ya pili mambo yaishe?

bi_hesabu
Itafanya kazi, ila ya nini kupeleka vitu kwenye kumbukumbu na kuvirudisha kila mzunguko? Kihesabio kikae rbx:

```
main:
    push rbx
    mov ebx, 10
rudia:
    lea rdi, [rel fmt]
    mov esi, ebx
    xor eax, eax
    call printf
    dec ebx
    jnz rudia
    pop rbx
    xor eax, eax
    ret
```

rbx ni mali ya aliyeita main, ndiyo maana ya push na pop. Push hiyo moja imenyoosha na steki pia. `loop` iache, inaijua rcx peke yake, na kwenye prosesa nyingi za Intel inazidiwa kasi na dec na jnz.

mwana_asembli
Imekubali kwangu na kwa jamaa, asanteni sana. Sasa mbona nikiita fanksheni niliyoiandika mwenyewe rcx ilikuwa inabaki salama?

Kisiki
Kwa sababu haiigusi. Siku ukiweka lupu humo ndani, au ukiiandika upya kwa C, yatarudi yale yale. Na ukihamia Windows usiende na orodha hii: huko rdi na rsi nazo zinalindwa, hoja ya kwanza inapita kwenye rcx, na unamwachia unayemwita baiti 32 kwenye steki.