Tupeane uzoefu: uliporudi mara ya pili kwa ndugu zetu wanaolala nje, ulikuta nini?

Mwenye mada

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Nataka tuongelee sehemu ambayo kwenye shuhuda za kanisani huwa inarukwa. Mara ya kwanza tunaijua wote: mmechanga, mmepika, mmekwenda kikundi kizima, mmegawa, mmeomba, mmerudi nyumbani mioyo imejaa. Ni jambo jema na Mungu hulibariki. Ninachoomba hapa ni habari za kurudi. Ulipokwenda tena, hamko wengi, hakuna gari la chakula wala nguo za kugawa, ulikuta nini?

Nianze mimi. Kikundi chetu hutoka usiku baada ya ibada ya katikati ya wiki. Kuna mzee alikuwa analala chini ya ngazi za jengo moja la ofisi, amejifunika turubai. Chakula alikuwa anapokea bila kutazama mtu, kisha anageukia ukutani. Tulimtajia majina yetu, lake hakulitaja. Tukaendelea kupita, tunamsalimia, tunakaa kidogo, tunaondoka. Usiku mmoja mvua ilitupiga tukafika wawili tu, tumelowa chapachapa. Akainuka, akachomoa boksi moja kati ya yale aliyolalia, akalitandika pale pakavu, akasema, "Kaeni hapa, mtaumwa." Hatukuwahi kuisikia sauti yake kabla ya hapo. Tulipokaa akatuuliza yule dada anayependa kuimba mbona siku hizi haji. Kumbe alikuwa anatufahamu sote, kila mmoja.

Mtu wa mtaani ameshaahidiwa mengi na watu wengi. Chakula anaweza kukipata kwa mwingine. Kwako anapima kama utarudi. Huo ndio msimamo wangu. Karibuni mtupe yenu, na yale magumu msiyafiche.

Muuguzi Zamu ya Usiku

Amina. Mimi nitaongelea miguu, kwa sababu ndiyo niliyopewa.

Anayelala nje anatembea kutwa nzima, na usiku havui viatu maana vitaibwa. Soksi zikilowa zinakaukia humo humo mguuni. Ngozi inageuka nyeupe, inajikunja, inachanika, vijidudu vinapata njia. Mwenye kisukari yuko hatarini zaidi, kwa kuwa ganzi inaweza kumfanya akanyage msumari asihisi. Mnaopanga cha kugawa, fikirieni soksi safi kabla ya fulana.

Kaka mmoja soksi ilikuwa imegandia kwenye kidonda. Hapo huvuti. Unamwagia maji safi ya chumvi taratibu, unangoja, unamwagia tena, mpaka iachie yenyewe. Inachukua muda, na katika muda ule watu huongea. Alinisimulia habari za mkewe na wanawe huku anatazama pembeni, mikono yangu iko kwenye beseni. Niliporudi kubadilisha bendeji nikamkuta ananisubiri, mguu ameuosha mwenyewe, ameukausha kwa kitambaa alichokihifadhi kwenye mfuko wa nailoni kisichafuke. Nilimshukuru Mungu kwa kile kitambaa kuliko kwa dawa zote nilizokuwa nazo.

Petro alikataa kuoshwa miguu na Bwana, mtaona katika Yohana 13. Na hawa hukataa, kwa aibu ya harufu. Ukikunja uso mara moja tu, mlango umefungwa.

Jingine ni kifua kikuu. Matibabu ya kawaida ni miezi 6 ya kumeza dawa bila kuruka, na asiye na pa kuziweka hupotea njiani. Kulikuwa na kijana aliyekwisha kuacha dozi. Waumini wetu wakapangiana siku, kliniki ikawaelekeza namna ya kusimamia mgonjwa akimeza dawa zake. Alimaliza dozi akiwa bado analala nje. Hakuwa na nyumba ila alikuwa na watu.

Nilitoka Huko

Nimesoma nikanyamaza kwanza. Mimi nililala nje miaka mingi ya ujana wangu, sasa namtumikia Mungu na familia yangu. Naomba niwaambie mambo ambayo huwa hatuwaambii mkija.

Mkinikuta nimelala mchana, msidhani ni uvivu. Usiku haulaliki. Usiku unapigwa, unaibiwa, unamwagiwa maji, na akina dada ndio wanateswa zaidi. Unakesha umekaa, jua likitoka ndipo unapata usingizi.

Picha. Mnanyoosha chakula, mwenzenu anapiga picha, mnaondoka. Mama yangu mzazi alikuwa hai na hakujua nilipo. Ile picha ingefika kwake ingemwua. Mtu akiwa na njaa hawezi kukataa kupigwa picha, hivyo hata akikubali hajakubali.

Na mahubiri marefu chakula kikiwa kimefunikwa pembeni. Tulikuwa tunaokoka kila wiki jamani. Tunanyoosha mikono, tunasali sala ya toba, tunapewa sahani. Sisemi msihubiri, mimi Injili ndiyo iliyoniokoa! Lakini iliniokoa kupitia baba mmoja aliyekuwa anatupa chakula kwanza, halafu anakaa kula nasi sahani ile ile, na asiyetaka maombi anaondoka na baraka zake. Alikuwa ananiita kwa jina langu la ubatizo. Kule mtaani nilikuwa na jina jingine kabisa, hilo la ubatizo nilikuwa nimeshaanza kulisahau. Siku moja nilikuwa nimelewa vibaya, nikamtukana mbele za watu. Wiki iliyofuata akaja kama kawaida, akaniuliza mguu unaendeleaje. Sikulala ile siku. Mimi ndiye niliyemfuata, nikamwomba anieleze huyu Yesu wake.

Mzee wa Kanisa

Nawapongeza kwa moyo wenu, watoto wangu. Ila naomba niseme kinachonisumbua kama mwangalizi wa sadaka za watu. Mtume Paulo anaonya katika 2 Wathesalonike 3:10 kwamba asiyetaka kufanya kazi asile. Tunalisha mwaka hadi mwaka na sura ni zile zile. Wengine nguo tunazowapa wanakwenda kunywea pombe. Je, hatuwatengenezei makao mtaani? Mimi ningependa mtu aache pombe kwanza, ndipo tumsaidie kusimama.

Karani wa Parokia

Shikamoo mzee wangu. Wasiwasi wako naufahamu, maana hata kwetu ulisemwa kwenye kikao. Acha nikueleze tulichokikuta tulipowauliza wenyewe wanataka nini. Bwana alimwuliza hata Bartimayo kipofu, "Wataka nikufanyie nini?" ingawa kila mtu aliona ni kipofu. Sisi tulitegemea wataomba blanketi. Wengi wakaomba kitambulisho.

Bila kitambulisho hakuna anayekuajiri, hufungui akaunti, husajili laini ya simu. Walikuwa navyo, vimelowa kwenye mvua, vimeibwa, vimechukuliwa pamoja na vifurushi vyao siku za kufukuzwa. Na ukienda kuomba kipya unaulizwa anwani. Paroko akaruhusu anwani ya ofisi yetu itumike kwa barua zao. Tukaweka kabati lenye kufuli, kila mtu na bahasha yake: nakala ya cheti cha kuzaliwa, kadi ya kliniki, kwa wengine picha moja ya mama. Anapohitaji anakuja, namtolea, anarudisha. Mbebaji mizigo mmoja alipata kazi ya ulinzi kwa karatasi zilizotoka kwenye kabati lile. Kazi alikuwa anaitaka siku zote, mzee wangu.

Na hili si jipya kwetu Wakristo. Katika karne ya 4, Basili, askofu wa Kaisaria ya Kapadokia, baada ya njaa kubwa alijenga nje ya mji makao ya maskini, wagonjwa na wasafiri, na ndani yake akaweka waganga na mafundi wa kazi mbalimbali. Chakula, tiba na ufundi vilikaa mahali pamoja.

Muuguzi Zamu ya Usiku

Naomba niongezee kuhusu pombe, maana hapa watu hufa. Mtu anayekunywa sana kila siku, kwa miaka, ukimfungia aache ghafla anaweza kupata degedege, kuchanganyikiwa, hata kufariki. Kuacha kwake kunahitaji hospitali. Tafadhali msimfanye mtu aape mbele ya madhabahu leo, kesho mkamwacha peke yake anatetemeka kwenye kibaraza. Mpelekeni kwa daktari.

Na kuhusu aache kwanza ndipo asaidiwe, wapo waliogeuza mpangilio huo. New York mwaka 1992, mwanasaikolojia Sam Tsemberis alianza kuwapa watu waliokuwa mtaani, wengi wao wagonjwa wa akili na wenye ulevi, nyumba kwanza bila sharti la kupona, halafu huduma zikawafuata humo. Ufini imeufanya utaratibu huo kuwa sera ya taifa tangu 2008, na idadi ya wasio na makazi kule ilishuka kwa miaka mingi. Mtu aliyelala vizuri ana nguvu ya kupigana na chupa.

Mzee wa Kanisa

Marahaba, mwanangu karani. Hilo la bahasha nitalipeleka kwenye kikao chetu. Ofisi tunayo na kabati tunalo.

Mlezi wa Watoto

Wapendwa, kwa watoto mambo ni tofauti, nitakuwa mkali kidogo.

Usimkimbize wala kumshtua mtoto anayenusa gundi. Kemikali zile huvuruga mapigo ya moyo, na mshtuko wa ghafla au mbio vinaweza kuusimamisha moyo papo hapo. Sogea taratibu, kaa chini, ongea kwa upole. Gundi kwake inaua njaa na baridi, hivyo ukimnyang'anya bila kumpa kitu umemwachia njaa na baridi.

Usimchukue mtoto ukaenda kulala naye nyumbani kwako, hata kama moyo unauma. Nendeni wawili au zaidi, mahali pa wazi, na ustawi wa jamii wajue mnachofanya. Kuna watu wabaya wanaotumia jina la Yesu kuwafikia watoto, na mtoto hana namna ya kukutofautisha nao.

Wengi wao wana ndugu. Tunachofanya ni kwenda kwanza kwa familia bila mtoto, tukae, tusikilize kilichomtoa. Kuna binti alikuwa anakataa kutaja kwao. Tulipofika kwa shangazi yake ndipo tukajua kipigo kilikuwa kinatoka kwa nani. Tungemrudisha haraka ili tuandike ripoti nzuri, tungekuwa tumemrudisha kwenye fimbo. Sasa anaishi kwa bibi yake mzaa mama, na tunakwenda kumtembelea huko. Kumrudisha nyumbani ni mwanzo wa kazi, maana wanaotoroka tena ni wengi, na wanatoroka kwa sababu hakuna aliyekwenda kuwaona.

Mwimbaji wa Besi

Langu ni fupi na ni la msiba. Tulikuwa na rafiki, mama mtu mzima, aliyekuwa akilala karibu na kituo cha treni. Tulikwenda siku yetu tukakuta nafasi yake tupu, imefagiliwa. Tukatafuta hospitalini, hatimaye mochwari. Alikuwa ameandikwa "hajulikani." Tulisimama pale tukasema anajulikana, jina lake ni hili, anatoka kwenye ukoo huu, anapenda wimbo huu. Kwaya nzima ilikuja kumzika. Wenzake wa kituoni walikuja pia, wamenawa uso, mmoja ameazima koti.

Baadaye nilisoma habari za Modesta Valenti, mama aliyekuwa akiishi kwenye stesheni ya Termini, Roma. Tarehe 31 Januari 1983 alizidiwa, na gari la wagonjwa likakataa kumchukua kwa kuwa alikuwa mchafu na ana chawa. Akafa akisubiri. Jumuiya ya Sant'Egidio, iliyoanzishwa mjini humo mwaka 1968, humkumbuka kila mwaka kwa ibada ambamo majina ya waliofia mtaani husomwa moja moja na kuwashiwa mshumaa. Nasi tumeanza kuandika majina yetu kwenye daftari. Tunayasoma siku ya kuwaombea marehemu.

Nilitoka Huko

Mungu awabariki, mwimbaji. Hofu yetu kubwa kule ilikuwa hiyo, kuzikwa bila jina.

Mgeni Hapa

Shalom wote. Nina shauku lakini kanisani kwetu hakuna kikundi cha huduma hii. Kuna mama nampita kila jioni ninapopandia gari, ana mtoto mgongoni. Nianzeje?

Mwenye mada

Karibu sana ndugu. Usiende peke yako, nenda na mkeo au dada wa kanisani, itamtoa hofu. Chuchumaeni mwe usawa na macho yake, msisimame juu yake. Mwambieni majina yenu, mwulizeni lake na la mtoto. Mwulizeni leo anahitaji nini, mfanye lile mnaloliweza tu. Kabla ya siku hiyo ulizeni ilipo ofisi ya ustawi wa jamii na kliniki ya watoto iliyo karibu, ili akiwaambia mtoto anaumwa mjue pa kwenda naye. Mkimwambia Alhamisi, iwe Alhamisi.

Mgeni Hapa

Asante. Mke wangu amekubali. Kliniki naijua, ofisi ya ustawi nitaipitia kesho asubuhi kabla ya kazi.