Alama za gia ya kati hazikutani tena nikizungusha injini: nifungue upya?

Kijana wa Ruashi
Jambo wakubwa. Niko Lubumbashi, nafunga injini ya kamyo, dizeli ya silinda sita, yenye gia tatu mbele: ya krankshafti (shafti inayozungushwa na pistoni), ya kati na ya kamshafti (shafti inayofungua valvu). Alama zote nilizielekeza sawasawa. Nikazungusha krankshafti kwa mkono mara mbili, alama ya gia ya kati imekimbia pembeni, na kila nikizungusha inazidi kupotea. Mwenye kamyo anataka kupakia kwenda Kasumbalesa, lakini siwashi injini nisiyoiamini. Nimekosea meno?

Papa Katuba
Usifungue chochote, mwanangu. Hesabu meno kwanza. Tuseme krankshafti ina 32, basi kamshafti lazima iwe na 64, maana inazunguka mara moja wakati krankshafti inazunguka mara mbili. Gia ya kati haibanwi na sheria hiyo. Ikiwa na meno 47, alama zote zitakutana tena krankshafti ikishazunguka mara 94! Alama ni za kufungia tu.

Cha kuamini ni valvu. Peleka pistoni ya 1 juu kabisa, valvu zake zote zimefungwa, roka, vile vyuma vinavyozikandamiza, zina uhuru kidogo. Sasa nenda silinda ya 6, weka vidole juu ya roka zake. Sukuma krankshafti mbele kidogo: valvu ya hewa inashuka. Irudishe nyuma kidogo: inashuka ya moshi. Zikipokezana hapo hapo, taimingi, yaani valvu kwenda sawa na pistoni, imekaa. Jino moja kwenye gia ya 64 ni digrii 11.25 za krankshafti, kosa la namna hiyo utaliona kwa macho.

Yaya wa Likasi
Nakubaliana na papa, ila hiyo "juu kabisa" usiikisie. Pistoni ikifika juu, krankshafti inaendelea kuzunguka digrii kadhaa na pistoni kama haisogei. Weka saa ya kupimia juu ya pistoni kabla ya kufunga kichwa. Tia alama kwenye puli pistoni ikibakiza milimita 1 kufika juu, na nyingine ikishashuka milimita 1. Katikati ya alama hizo ndipo juu halisi. Na kama gia ya kamshafti ilitolewa kwa presi, angalia klaveti yake, kile kipande cha chuma kinachoishikilia kwenye shafti. Ikikatika, gia inateleza juu ya shafti na alama zinadanganya.

Kijana wa Ruashi
Aksanti papa, aksanti yaya. Klaveti nzima, na silinda ya 6 zinapokezana pale pale. Na pompi ya mazutu (dizeli)?

Papa Katuba
Ifunge injini ikiwa vile vile: ya 1 valvu zimefungwa, ya 6 zinapokezana. Pompi nayo inazunguka mara moja kwa mizunguko miwili ya krankshafti, na pistoni ya 1 inafika juu mara mbili. Ukiifunga kwenye ile nyingine, mazutu yatamwagika wakati valvu ziko wazi. Utapiga stata mpaka betri ife, moshi mweupe tu.