Niliachishwa jeshi la Marekani kwa OTH mwaka 2012. Muda unaniishia, nianzie wapi?

Mluguru_Houston:

Wakuu habari zenu, na wakubwa shikamooni. Jambo hili nimelifungia moyoni tangu 2012, naombeni mnisome mpaka mwisho.

Nilikuja Marekani na marehemu baba, aliyeshinda bahati nasibu ya green card. Oktoba 2009 nikajiunga na Jeshi la Nchi Kavu, nikapangiwa udereva wa malori. Mwaka huo ndio walikuwa wameanza kuwapa wahamiaji uraia palepale kwenye mafunzo ya ukuruta, kwa hiyo kwata na uraia nilivimaliza pamoja. Mama akaitundika picha yangu ya sare sebuleni Morogoro, mpaka leo ipo.

Machi 2011, Kandahar, Afghanistan, bomu lililotegwa barabarani lilipasuka chini ya gari letu. Rafiki yangu aliyekuwa juu kwenye bunduki alifariki. Mimi nilitoka bila mchubuko, masikio tu yakivuma. Tabibu wa kikosi akanipa siku mbili za kupumzika, ya tatu nikarudi kwenye usukani. Tuliporudi Texas nilikuwa silali. Nikaanza pombe, pombe ikashindwa, nikavuta bangi. Aprili 2012 wakapima mkojo, nikakutwa nayo. Juni nikatoroka kambini siku 11. Septemba wakaniachisha kwa OTH, yaani kuondolewa kwa namna isiyo ya heshima. Nilikuwa na haki ya kusikilizwa kabla ya kuondolewa, lakini nikasaini karatasi ya kuiacha haki hiyo. Mtu mmoja aliniambia "saini tu, baada ya miezi sita inajibadilisha yenyewe." Nilikuwa na miaka 22, nikaamini.

Haikujibadilisha. Kwa miaka yote hii nikiomba kazi natoa ile nakala fupi ya DD-214, yaani cheti cha kutoka jeshini, ile isiyo na sehemu ya chini. Mwezi uliopita kampuni moja ilitaka nakala ndefu, yenye kisanduku cha 24 kinachoonyesha kiwango cha kuachishwa. Nilikaa na bahasha mezani usiku kucha, asubuhi nikawaandikia kwamba nimepata kazi nyingine. Si kweli.

Nimesikia kuna kuomba upya kiwango cha kuachishwa. Kuna aliyepitia? Na je, nikilifukua hili, uraia wangu utakuwa salama? Nataka kumleta mama, na naogopa kuligusa faili lolote.

BaharíaWaTanga_NY:

Pole sana mdogo wangu. Ninavyojua mimi ukishatoka, umetoka. Wapo mawakala wanaochukua dola 3,000 wanakushughulikia lakini sijamwona aliyefanikiwa. Tafuta kazi isiyouliza, maisha yaendelee.

Sajini_Mstaafu:

Ndugu wa Tanga, najua una nia njema, lakini hapo umempoteza kijana. Nimetumikia miaka 21, na tangu nistaafu nimewasaidia vijana wetu kadhaa kuandika maombi haya. Kuomba ni bure. Usimlipe wakala hata senti.

Mluguru, kwanza lile la miezi sita. Hakuna kitu kama hicho, wala hakijawahi kuwepo. Wamedanganywa wengi kabla yako. Kiwango hakibadiliki mpaka uombe na bodi ikubali.

Zipo bodi mbili. Ya kwanza ni bodi ya kupitia upya kuachishwa, unaiomba kwa fomu DD 293, na mlango wake unafungwa miaka 15 tangu tarehe uliyoachishwa. Wewe ni Septemba 2027. Ya pili ni bodi ya kurekebisha kumbukumbu za jeshi, fomu DD 149. Hiyo muda wake ni miaka mitatu tangu ulipogundua kosa, lakini inaweza kuusamehe ucheleweshaji haki ikidai hivyo. Ukiwahi ya kwanza, ya pili inabaki akiba.

Sasa hapa sikiliza vizuri, maana wengi wanaumia hapa. Bodi ya kwanza inaweza kukupitia kwa karatasi tu, au ukajitokeza mwenyewe ukasikilizwa. Kwa kawaida tunashauri uanze na karatasi, maana ukikataliwa bado una haki ya kusikilizwa. Ukianza na kusikilizwa, ile ya karatasi umeipoteza. Lakini ombi la kusikilizwa nalo lazima liwe limefika ndani ya ile miaka 15. Majibu ya karatasi yanaweza kuchukua mwaka mzima au zaidi. Ukituma karatasi leo, jibu likaja baada ya Septemba 2027, nafasi ya kusikilizwa imekupita. Kwa hali yako mimi ningeomba kusikilizwa moja kwa moja. Kesi kama yako inataka mtu aisikie sauti yako.

Na bodi haina ruhusa ya kukushusha chini ya hapo ulipo. Hofu hiyo itoe.

DadaWaAurora:

Mluguru pole, na asante kwa kusema. Mimi ni mke wa aliyepitia haya, kwa hiyo nakujibu la uraia kwa sababu ndilo lililotunyima usingizi sisi.

Uraia uliopatikana kwa njia ya jeshi una sharti lake. Sheria inasema unaweza kufutwa ikiwa mtu ameachishwa kwa namna isiyo ya heshima kabla ya kutimiza jumla ya miaka mitano ya utumishi wenye heshima. Wewe ulikaa takriban mitatu. Haufutwi wenyewe, serikali lazima iende mahakama ya shirikisho, na wewe una haki ya kujitetea. Lakini usijaze fomu yoyote ya kumwombea mama kabla hujakaa na wakili wa uhamiaji anayejua mambo ya jeshi. Wakili, si mjuzi wa mtaani. Ukinyanyuliwa kiwango, kilichowafanya wakuulize kinaondoka. Kwa hiyo kaka, unayoyaogopa mawili ni jambo moja, na dawa yake ni moja.

Nyingine: umesema hulali. Bado hulali?

Mluguru_Houston:

Dada asante. Silali vizuri. Saa tisa usiku naamka, nazunguka nyumba nikikagua milango. Sijawahi kwenda hospitali ya VA, ile idara ya wanajeshi wa zamani, kwa sababu niliambiwa mwenye OTH hana haki.

DadaWaAurora:

Uliambiwa vibaya tena. Tangu 2018 iko sheria inayowapa huduma ya afya ya akili VA watu wa OTH waliokaa jeshini zaidi ya siku 100 na kutumwa eneo la vita, mradi hawakufukuzwa kwa hukumu ya mahakama ya kijeshi. Wewe unaingia humo. Nenda na ile nakala ndefu, usiifiche. Mume wangu alienda akiwa ameshika mkono wangu kama mtoto siku ya kwanza ya shule. Usiku ukizidi uzito, piga 988 kisha bonyeza 1, ni simu ya msaada ya wanajeshi wa zamani, wanapokea saa zote.

Na mbali na matibabu, VA ina uamuzi wake yenyewe kuhusu tabia ya utumishi wako, hausubiri bodi ya jeshi. Omba vyote viwili kwa wakati mmoja.

Sajini_Mstaafu:

Dada kaniwahi. Daktari wa VA akiandika kwamba una PTSD, yaani maradhi ya akili yanayobaki baada ya mshtuko mkubwa, au jeraha la ubongo na kwamba lilitokana na ule mlipuko, karatasi hiyo ndiyo uti wa mgongo wa ombi lako. Nenda kwa ajili ya usingizi wako kwanza, ombi lifuate.

Mambo yamebadilika tangu ulipotoka. Mwaka 2014 Waziri wa Ulinzi Chuck Hagel alitoa waraka akiziagiza bodi ziwatazame kwa uelewa wanajeshi wenye PTSD. Mwaka 2017 ukatoka waraka wa Kurta, afisa wa Wizara ya Ulinzi, huo ndio wa kuusoma mstari kwa mstari. Unaiuliza bodi maswali manne: je, palikuwa na hali au tukio linaloweza kueleza kosa? Lilitokea akiwa jeshini? Kweli linaeleza au kupunguza uzito wa kosa? Na je, linazidi uzito wa kuachishwa kwake? Waraka huo unasema pia kwamba maelezo ya mwanajeshi mwenyewe yanaweza kutosha kuthibitisha tukio. Waraka wa Wilkie, naye wa wizara hiyo hiyo, wa 2018 unaongeza la huruma: miaka iliyopita, ulivyojirekebisha, ulivyokubali kosa.

Na kwa aliyetumwa vitani akagundulika na PTSD au jeraha la ubongo, sheria inataka miongoni mwa wajumbe awepo daktari au mwanasaikolojia. Hutazungumza na maafande watupu.

Agiza faili lako lote la jeshi kwa fomu SF 180, kituo cha kumbukumbu kiko St. Louis, nalo ni bure. Humo tafuta kikaratasi cha yule tabibu na zile siku mbili za mapumziko.

MtotoWaKisumu:

Ndugu, pole kwa rafiki yako. Mimi nilikuwa na General, daraja moja chini ya heshima kamili, nikapandishwa. Nilipigania hiyo daraja moja kwa sababu ya shule: General unatibiwa VA, lakini pesa za masomo za GI Bill hupati, zinataka heshima kamili. Kwa hivyo kwenye fomu omba heshima kamili, usiombe nusu eti uonekane mnyenyekevu. Na omba pia kisanduku cha 28 kibadilishwe, kile cha sababu. Wakikupandisha na bado pameandikwa dawa za kulevya, kila mwajiri atasoma.

Wakili nilipata bure. Kuna shirika la NVLSP linalowasaidia wanajeshi wa zamani kisheria, na vyuo vikuu vingi vina kliniki za sheria za wanajeshi wa zamani. Ile ya Yale ilishtaki Jeshi kwa niaba ya watu wenye PTSD waliokuwa wakikataliwa, kesi ikaisha kwa makubaliano ambayo mahakama iliyaidhinisha 2021. Hawa watu wanajua kazi.

Umeshaandika barua? Weka hapa tuione.

Mluguru_Houston:

Nimeandika hii, naitafsiri: "Waheshimiwa wajumbe, naomba radhi kwa makosa yangu. Nilikuwa mdogo na sikufikiri. Nilivunja imani ya Jeshi na sina cha kujitetea. Tangu hapo nimeishi vizuri, nafanya kazi, sijawahi kukamatwa. Naomba mnisamehe."

Sajini_Mstaafu:

Mwanangu, hiyo ni barua ya mtu mwema, na itakataliwa. Umeomba radhi mara mbili na bomu hujalitaja. Mjumbe anayeisoma anaona kijana aliyevuta bangi akatoroka. Halijajibiwa hata swali moja kati ya yale manne. "Sina cha kujitetea" futa kabisa, unaifunga mwenyewe mlango unaoubisha.

Kukubali kosa ni lazima, ila kubali baada ya kueleza. Anza na wewe wa kabla ya Machi 2011: tathmini zako, beji, kilomita ulizoendesha bila ajali, adhabu hakuna. Kisha siku ile. Kisha uliyekuwa baada yake. Wao wanatafuta mshono unaounganisha mlipuko na kosa. Nisaidie hapa: zile siku 11 ulikuwa wapi?

Mluguru_Houston:

Mzee, hili sijawahi kumwambia mtu.

Nilienda kwa binamu yangu, Houston. Sikuwa na starehe yoyote. Mtaa wake uko chini ya barabara ya juu, malori yakipita dari linatetemeka. Nililala kwenye kabati lake la nguo, mlango nimeufunga, buti nimevaa. Siku 11. Binamu alikuwa ananiwekea sahani ya wali mlangoni, anagonga mara mbili na kuondoka, kwa sababu akifungua ghafla nilikuwa napiga kelele. Siku ya 12 nilijirudisha mwenyewe kambini kwa basi.

MtotoWaKisumu:

Ndugu yangu. Hiyo ndiyo barua.

Sajini_Mstaafu:

Nimeisoma mara tatu. Iandike hivyo hivyo, kabati, buti, sahani ya wali. Usiipambe. Na usisahau kwamba ulijirudisha mwenyewe, kwa basi, bila kukamatwa. Hilo lipe sentensi yake peke yake.

Binamu yupo hai? Aandike alichokiona, kwa maneno yake, aweke tarehe na asaini. Asiandike kwamba wewe ni mtu mzuri, hiyo watu wote wanaandika. Aandike alikuwa anagonga mara ngapi na kwa nini. Ushahidi wa ndugu aliyeshuhudia unapokelewa, na kwa jambo ambalo hakuna daktari aliyeliona, huyo ndiye shahidi wako.

DadaWaAurora:

Kaka, na mama je? Umesema picha bado ipo ukutani.

Mluguru_Houston:

Mama anajua nilimaliza mkataba vizuri. Sijui nitamwambiaje, dada. Nikianza naona kama naitoa ile picha ukutani kwa mkono wangu.

DadaWaAurora:

Mama mkwe wangu tulimwambia baada ya barua ya bodi kurudi, na alichouliza ni kimoja tu: kwa nini mwanangu uliumwa peke yako miaka yote hiyo? Usisubiri barua kama sisi. Mpigie.

Mluguru_Houston:

Nawaletea mrejesho. SF 180 nimetuma Jumatatu. Miadi ya VA nimepata, yule dada wa mapokezi aliisoma DD-214 yangu mpaka chini, akaniuliza nataka asubuhi au mchana, basi. Kliniki ya sheria imeniambia itanipigia wiki ijayo, nimewatajia Septemba 2027 kama mzee alivyosema.

Binamu nilimpigia jana. Nilidhani atakuwa amesahau. Akaniambia, "Mara mbili, halafu nahesabu mpaka kumi, halafu naondoka." Ile ya kuhesabu mimi sikuwa naijua. Anaandika Jumamosi.

Mama nampigia kesho baada ya swala ya asubuhi kwao.