Naomba ushauri: mke wangu ni mjamzito na mawazo hayamwishi

Habari zenu wakuu. Naomba ushauri, hasa kwa kina mama na wauguzi.

Mke wangu ana mimba ya miezi 7, ya kwanza. Tangu mtaji wake wa mitumba ukatike na mama yake aanze kuumwa huko Tanga, hana raha. Usiku halali, moyo unamwenda mbio, chakula anakigusa tu. Kliniki presha ilipanda kidogo, ikapimwa tena ikawa sawa. Nesi akasema "apunguze mawazo", kisha akaita mwingine. Yanapunguzwaje, hakusema.

Nimesoma kwamba msongo wa muda mrefu huongeza homoni ya kotisoli, na unahusishwa na kujifungua kabla ya wiki 37 au kuzaa mtoto wa chini ya kilo 2.5. Sijamwambia, maana ataanza kuhofia hata hiyo hofu yenyewe. Mtoto anacheza vizuri, namshukuru Mungu.

Shangazi yangu ameleta mitishamba ya usingizi. Nimekataa mpaka daktari aseme, na sasa shangazi kanuna (hilo nitalimaliza mwenyewe).

Aliyepitia hali hii, nini kilikusaidia? Tuombe kuonana na mshauri wa saikolojia kupitia kliniki ileile, au tuanzie hospitali ya wilaya? Na je, nimpeleke Tanga akamwone mama yake? Tuko Mbagala, safari ni ya basi. Nadhani kumwona kungemtuliza kuliko simu, ila naogopa uchovu wa njiani.